Maji ya Jioni

Sura ya Sita

Jiwe la kwanza lilipiga bati la kituo kabla Inspekta Bertilla hajamaliza kufunga kamba za viatu. La pili lilivunja kioo cha dirisha. La tatu lilimpata Koplo Azizi begani, naye akatoa tusi ambalo mama yake, aliyemlea Sumbawanga mjini kwa viboko na chuo cha Kurani, angelisikia angelia.

"Wako wengi?" Bertilla aliuliza.

"Wanatosha, afande."

Kituo kidogo cha polisi cha Mpui kilikuwa na chumba cha mbele, meza moja, askari wawili wenye usingizi na mahabusu yenye mlango wa mbao. Ndani ya mahabusu hiyo alikaa Halfani, mwenye mashine ya kusaga, mgongo ukutani, mkono wa kulia umeviringwa kanga iliyogeuka nyeusi kwa damu. Vidole vyake vitatu vilibaki jana ndani ya mashine. Baada ya hapo watu walimpiga kwa mipini ya majembe hadi jicho likafumba, wakaichoma mashine yenyewe, na sasa walikuwa wamerudi kuchukua kilichosalia.

Kisa chenyewe kilikuwa kibaya kiasi hicho. Jana mchana Benjamini, fundi wa laini wa kampuni ya Nyanda Umeme, mzaliwa wa hapo hapo Mpui, alipanda nguzo karibu na mashine ya Halfani kubadilisha kikombe cha kushikilia waya kilichopasuka. Laini ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Umeme ukamkuta juu. Hakuanguka, kwa kuwa mkanda wa kupandia ulimshikilia nguzoni, akaungua pale pale mbele ya watu waliomjua tangu anatambaa, nguo zikiwaka, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Maiti haijashuka bado, kampuni ikatoa kauli: jenereta ya Halfani, iliyoungwa kienyeji, ndiyo iliyorudisha umeme kwenye laini. Mambo hayo hutokea, na yameua mafundi wengi. Watu hawakuhitaji kuambiwa mara ya pili.

Bertilla alitoka nje bila kofia. Alikuwa mwanamke mnene, mzaliwa wa Kasense kule mjini, mwenye mwendo wa pole ambao wahalifu wengi waliudhani ni uvivu, wakaja kujuta. Mbele ya umati alisimama Alois, kaka mkubwa wa marehemu, panga mkononi, macho yamevimba kwa kulia.

"Pole kwa msiba, kaka Alois."

"Sijapoa. Mtoe huyo mtu."

"Nikimtoa utafanya nini?"

"Nitamvika tairi." Alisema kama mtu anayetaja kazi ya shambani. "Mdogo wangu aliungua, na yeye aungue. Afande, wewe ni mtoto wa huku. Usitulazimishe."

"Nipe nafasi nichunguze."

Alois alitema chini. "Tunazika alasiri hii. Tukishamfukia, tunakuja. Barabara ya mjini tumeilaza magogo, kwa hiyo usijisumbue kupiga simu. Ukitaka kutupiga risasi, utupige. Zitakuishia."

Bertilla alijua hatanii. Aliwatazama askari wake wawili, mmoja tayari ameanza kulia kimyakimya, akarudi ndani. Kama hatapata mkosaji wa kweli kabla ya alasiri, Halfani atakufa mbele ya macho yake, na wakubwa mjini wataandika kwamba wananchi wenye hasira kali walimzidi nguvu. Sentensi hiyo aliichukia kuliko kitu chochote katika kazi yake.

Alichuchumaa mbele ya mahabusu.

"Kaka Halfani. Nijibu kwa ufupi. Jana uliwasha jenereta?"

"Jenereta?" Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Haijanguruma tangu masika. Kuku wa mke wangu ameatamia juu yake. Nenda kaangalie, iko kibandani nyuma ya nyumba."

"Watu walisikia ngurumo."

"Walisikia mashine ya kusaga. Ilijianza yenyewe, mkono wangu ukiwa ndani. Nilikuwa nabadilisha chekeche."

"Uliingiza mkono na swichi iko juu?"

Halfani alimtazama kwa jicho moja lililosalia, akamwona kama mgeni kabisa wa mambo. "Mama, nani hapa anashusha swichi umeme ukikatika? Sote tunaziacha juu, ili mashine ikijianza tujue umeme umerudi. Wanawake wanakaa nje na ulezi wao wakisubiri mlio huo huo. Na jana tulitangaziwa kwamba hadi jua lipinde hakuna umeme. Niliamini. Ningekuwa nimewasha jenereta mimi mwenyewe, ningeingiza mkono?"

Lilikuwa swali zuri. Bertilla alisimama, magoti yakalia.

"Afande," Azizi alisema walipokuwa wakipita uani, "kuna kitu kinamkandamiza huyu bwana. Jana nilikwenda kule mtamboni, kwenye bwawa la umeme la kampuni. Kufuli la marehemu liko palepale kwenye swichi ya laini, limefungwa. Nimelishika kwa mkono wangu."

Hilo ndilo lililomkosesha Bertilla usingizi. Fundi wa laini wa kampuni ile hapandi nguzo kabla hajashusha mkono wa swichi kubwa pale mtamboni na kuufunga kwa kufuli lake mwenyewe. Ufunguo ni mmoja tu, na huvaliwa shingoni. Ukiwa shingoni mwake, hata rais wa nchi hawezi kutuma umeme kwenye laini ile. Ufunguo wa Benjamini ulikutwa kwenye maiti, umezama katika ngozi ya kifua, na daktari aliubandua kwa koleo. Sasa ulikuwa katika bahasha ndani ya mfuko wa koti la Bertilla. Kama kufuli bado limefungwa, basi umeme ulitoka kwingine, na kwingine ni kwa Halfani.

Walimkuta kuku. Alikuwa tetea mwekundu, ameatamia mayai saba juu ya jenereta, juu ya majani makavu, na alimdonoa Azizi kidole hadi damu ikatoka. Bertilla aliingiza mkono chini ya mbawa. Mayai yalikuwa na joto.

"Kuku haatamii juu ya mashine inayotetemeka na kuchemka," alisema.

"Kuku si shahidi, afande. Ukimpeleka mbele ya Alois watamla."

"Najua. Twende msibani."

Nyumba ya marehemu ilijaa. Wanaume walikaa nje juu ya magogo, hawakumjibu salamu. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, kwa Kifipa akiwataja ukoo, hadi wawili watatu wakalazimika kuitika marahaba. Ndani, wanawake walikuwa sakafuni wamemzunguka Silvana, mjane. Alikuwa mwembamba, kanga imefungwa chini ya kidevu na kukazwa utosini kama mtu mwenye jino bovu. Hakuwa akilia. Bertilla alimpa mkono wa pole, na mkono ule ukabaki ndani ya wake bila kushika wala kuachia.

"Umeumia taya, dada?"

"Nilianguka," Silvana alisema bila kufungua meno. "Jana, niliposikia habari."

Kanga ilikuwa imesogea kidogo. Michubuko iliyoonekana chini ya sikio ilikuwa ya rangi ya manjano, na manjano haiji kwa siku moja. Bertilla aliiona. Aliihifadhi.

Jenifa, jirani mwenye mdomo mwepesi ambaye ndiye aliyesimamia vyungu vya msiba, aliwaletea chakula, maana Mfipa hawezi kukuacha utoke msibani na njaa hata kama anapanga kukuchinja. Ulikuwa ugali wa ulezi, na pembeni perege wawili wadogo waliochemshwa kwa chumvi.

"Samahani, ni kiporo," Jenifa alisema. "Ndio walewale tuliowapikia waombolezaji jana jioni."

Bertilla alimega tonge, akachovya, akasimamisha mkono hewani.

Pale Mpui samaki wa bwawa ni chakula cha asubuhi. Kila mtu alijua hivyo kama anavyojua jua linatokea wapi. Kampuni hukusanya maji mchana kutwa, jioni ikayafungulia kuzungusha mtambo, na bwawa likashuka. Alfajiri wanawake hushuka na vikapu kuokota perege walionaswa kwenye matope kabla maji hayajapanda tena. Hapajawahi kuwa na samaki wa bwawa kwenye chakula cha jioni.

"Jenifa, hawa mliwaokota lini?"

"Jana mchana. Tuliona maji yanashuka jua liko utosini, tukasema leo kampuni imekosea saa. Mungu akikupa unauliza? Tukakimbia na vikapu. Tunarudi, tunasikia yowe, kumbe ni Benjamini." Alijifuta macho. "Afadhali tuliwapata, maana msiba ulikuja bila mboga."

Jana jioni, kabla hajaitwa Mpui usiku, Bertilla alikuwa nyumbani kwake Kasense, na alikula wali kwa mwanga wa tochi ya simu, kwa sababu upande wote ule wa mji ulikaa gizani. Kampuni ilisema mtambo umekorofisha. Aliyakumbuka maneno hayo sasa, akala tonge lake taratibu. Ukikuta ghala tupu jioni, ujue kuna aliyekula mchana.

"Mlipata na nini kingine matopeni?"

"Kingine kitu gani? Kikapu changu kilikuja na chuma tu. Nimekiweka juu ya kifuniko, chungu kisimwagike."

Alikuwa anasonta chungu cha pombe pembeni ya meko. Juu ya kifuniko, kati ya mawe mawili, lilikaa kufuli kubwa la shaba lenye matope. Mguu wake mmoja ulikuwa umekatwa, na pale ulipokatwa chuma kiling'aa, hakina kutu hata kidogo.

Bertilla aligeukia ukuta, akatoa bahasha. Ufunguo ulikuwa bado na weusi wa ngozi ya mtu. Aliuingiza, akazungusha.

Ulizunguka bila kukwama.

Mtambo ulikaa kwenye kilima juu ya Mpui, chini ya ukuta wa bwawa. Mlinzi wa getini, mzee Zephania, alifungua minyororo polepole.

"Shikamoo, mzee. Jana mchana ulikuwa hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Jana nilikuwa Kasense. Mhandisi alinituma asubuhi nipeleke mkanda wa feni kwenye ile mitambo ya umeme wa jua. Nafika kule, wananiambia hawakuagiza mkanda." Alitikisa kichwa. "Nilijua tu ni usahaulifu. Msomi naye huchoka."

"Nani aliyebaki?"

"Yeye peke yake."

Mhandisi Kasmir aliwapokea chumba cha kuongozea mitambo. Alikuwa mrefu, nadhifu, shati jeupe na kitambaa cheusi mkononi, maana marehemu alikuwa shemeji yake. Silvana alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Kasmir ndiye aliyepanga kila siku umeme utoke wapi, saa ipi, uende kwa nani. Kupitia dirisha lake zilionekana nguzo za laini ya Mpui zikiteremka bondeni. Ile ya karibu na majivu ya mashine ya Halfani ilionekana vizuri. Mtu akiwa juu yake angeonekana pia.

"Sina muda mrefu, afande. Nataka kuwahi mazishi."

"Hata mimi. Nieleze tu siku yako inavyokwenda. Sisi polisi ni wazito wa kuelewa."

Alitabasamu, na hapo Bertilla akaona kwamba mtu huyu aliipenda kazi yake. Kasmir aligeukia skrini, mistari ya rangi ikipanda na kushuka.

"Umeme hauwekwi gunia ukasubiri. Ukiuzalisha, utumike papo hapo. Ghala langu ni bwawa. Asubuhi nalisha mji kwa jua la Kasense. Mchana jua linatosha, basi nafunga maji, bwawa linajaa, na kama kuna laini ya kutengeneza naizima wakati huo. Jioni jua limelala, watu wote wanawasha taa na pasi na redio kwa pamoja. Hapo ndipo nafungulia. Wengi wanaangalia saa waliyo nayo. Mimi naangalia zote kwa pamoja. Tone nililotumia mchana silioni tena jioni."

"Ukila mchana unalala njaa."

"Hasa! Umeelewa kuliko mabosi wangu."

"Basi jana mbona mlilala njaa?"

Tabasamu lilibaki mahali pake. Macho ndiyo yaliyoondoka. "Mtambo ulikorofisha jioni."

"Umepona haraka. Naona taa hizi zinawaka." Bertilla alisogea dirishani. "Kama ulikorofisha jioni, maji yangebaki bwawani. Wanawake wa Mpui wangekosa samaki leo asubuhi tu. Lakini waliokota jana mchana, vikapu vimejaa, na nimewala mwenyewe. Maji ya jioni yalikwenda wapi, mhandisi?"

"Huenda lango linavuja."

"Huenda. Tuonyeshe kufuli la shemeji yako."

Walitoka uani. Swichi kubwa ya laini ya Mpui ilikuwa kwenye nguzo ya chuma, mkono wake umeshushwa na kufungwa kwa kufuli la shaba, kubwa, safi, lenye chapa ileile inayouzwa katika kila duka la vyuma Sumbawanga. Azizi alisimama kushoto kwa Kasmir. Bertilla alitoa ufunguo. Aliuingiza. Aliuzungusha kulia, akauzungusha kushoto, akautoa, akaupuliza, akarudia.

Haukuzunguka.

"Umeungua," Kasmir alisema. "Umepinda kwa joto."

Bertilla aliingiza mkono kwenye koti, akatoa kufuli lililokatwa mguu, matope bado yamelishika, akauingiza ufunguo uleule na kuuzungusha mbele ya pua yake. Ulilia *tik*.

"Ulilitupa bwawani wakati limejaa," alisema. "Halafu ukalikausha bwawa wewe mwenyewe. Mtu anayeangalia saa zote kwa pamoja!"

Kasmir hakukimbia. Ukutani palikuwa pameegemezwa mkasi wa kukatia vyuma, mrefu kama mkono wa mtu, na alikuwa ameushika kabla Azizi hajatoa pingu. Pigo la kwanza lilimpata koplo kwenye kiwiko; mfupa ulivunjika kwa sauti iliyosikika hadi getini, na Azizi akaanguka magotini bila hata kupiga kelele. La pili lilikuwa la kichwa cha Bertilla. Aliinama, chuma kikapita na kipande cha sikio lake, damu ya moto ikamwagika shingoni. Akamwingilia tumboni kwa bega, kwa uzito wake wote, wakaanguka juu ya kokoto. Kasmir alimshika koo. Alikuwa na nguvu za mtu asiyetarajia kesho. Ulimwengu ukaanza kufifia pembeni. Bertilla alikuwa bado amelishika kufuli, na mguu uliokatwa ulikuwa na ncha. Akampiga nalo usoni mara moja, mara mbili, mara ya tatu meno yakatoka, na vidole vikalegea. Alimgeuza kifudifudi, akamkandamiza goti mgongoni, akamvuta mkono nyuma hadi bega likatoka mahali pake. Kasmir akapiga yowe. Pingu zilifungwa na Azizi, kwa mkono mmoja, huku machozi yakimtoka.

Walikaa chini wote watatu wakihema. Mzee Zephania alisimama getini na rungu lake, hajui amsaidie nani.

"Kwa nini?" Bertilla aliuliza, kanga ya mkobani ameibana sikioni.

Kasmir alitema damu. "Umemwona Silvana? Umeliona lile taya?"

"Nimeliona."

"Hilo ni la juma lililopita. Mwaka jana zilikuwa mbavu. Kabla ya hapo mimba." Alikuwa akizungumza kwenye kokoto, hakuinua uso. "Alikuja kwangu mara tatu, usiku, na mtoto mgongoni. Mara tatu. Na mara zote tatu nilimrudisha mimi mwenyewe, kwa gari la kampuni. Baba alisema ndoa ya kanisani haivunjwi. Wazee walikaa, Benjamini akaomba msamaha, akatozwa mbuzi, tukala. Tulimla yule mbuzi, afande, na mimi nilikula."

"Basi ukakata kufuli."

"Nilimwona amepanda. Nikakata, nikaizuia kinga ya laini isikate umeme, nikafungulia maji."

"Maji ya kumuua mtu hayamalizi bwawa."

"Hapana." Alifumba macho. "Niliogopa kuzima. Nilikuwa namwona bado anatikisika."

Upepo ulipita kwenye nyaya. Bertilla alikuwa amewasikia wauaji wengi, na huyu alimtia uchungu kuliko wengi wao, na alijichukia kwa uchungu huo, kwa sababu kulikuwa na jambo moja mhandisi huyu hakulitaja kabisa.

"Na Halfani?" aliuliza. "Vidole vyake? Wewe ndiye uliyesema ni jenereta. Leo alasiri walikuwa wanamchoma moto, na ulikuwa unawahi mazishi."

Bertilla alimvuta Kasmir kwa ukosi hadi akasimama.

Gari la polisi alilisimamisha mbali na makaburi, nyuma ya mikaratusi, Azizi na mtuhumiwa ndani. Alikwenda kwa miguu, sikio likichuruzika, kufuli mkononi. Jeneza lilikuwa limeshateremshwa. Padri alikuwa amefunga kitabu. Nyuma ya wanaume aliona tairi mbili na dumu la petroli, vimewekwa vizuri kivulini.

"Kaka Alois, kabla hujatupa udongo. Huu ndio ufunguo wa mdogo wako. Unaujua?"

"Naujua." Alois aliupokea. "Huu hauvui hata akioga."

"Fungua hili."

Lilifunguka. Alilitazama lile jeraha la chuma lililong'aa.

"Limekatwa, akiwa juu ya nguzo," Bertilla alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Likatupwa bwawani, na Jenifa akaliokota na samaki. Lililoko mtamboni ni jingine. Mzee Zephania yupo, aliona nikilijaribu. Halfani hakuwasha kitu. Umeme uliomchoma Benjamini ndio uliomla yeye vidole."

Jenifa akadakia kutoka upande wa wanawake: "Ni kweli! Nililitumia kufunikia pombe!"

Alois aligeuka akaitazama mikaratusi, na gari nyuma yake. Hakuwa mjinga. "Mtamboni hukaa nani?" aliuliza, ingawa alijua. "Kasmir? Shemeji yetu?" "Ondoeni magogo barabarani," Alois aliwaambia vijana bila kuwatazama. "Yule wa mashine apelekwe hospitali." Halafu akaokota panga na kuanza kutembea kuelekea garini, na dumu la petroli likanyanyuliwa nyuma yake.

Bertilla alitoa bastola. Alijua ana risasi chache, na kwamba hatapiga hata moja kwa wakati.

Lakini aliyefika mbele ya Alois alikuwa Silvana. Alikuwa ametoka kwenye kundi la wanawake bila mtu kumwona. Alisimama njiani, akaifungua kanga iliyobana kidevu, taya likashuka upande mmoja. Lilivimba, rangi ya manjano na zambarau, na jino moja lilikuwa limechomoza pasipo pake. Watoto waliokuwa mbele walirudi nyuma.

"Shemeji," alisema, kila neno likimgharimu. "Uliyaona haya Jumapili, mlangoni kwako. Ulisemaje?"

Silvana alimsogelea hatua moja.

"Ulisema nivumilie."

Panga lilibaki mkononi, lakini mkono ulikuwa umeshuka. Nyuma yake mtu aliliweka dumu chini. Silvana alimpita kaka wa mumewe, akampita Bertilla, akaenda hadi kwenye dirisha la gari. Kasmir aliinua uso uliopondeka, na kwa mara ya kwanza siku ile akalia.

"Nilifanya kwa ajili yako, mdogo wangu. Hatakugusa tena."

Silvana aliinama dirishani.

"Nilikuja kwako kuomba pa kulala, kaka," alisema. "Sikuja kuomba maiti."

Akaifunga kanga yake upya chini ya kidevu, akaikaza, akarudi kaburini, kwa sababu mumewe alikuwa bado hajafukiwa.